Uaminifu wa ahadi za Mungu

Uaminifu wa ahadi za Mungu ni fundisho la imani ya Ukristo linalosema kwamba Mungu hutimiza kila neno alilojifunga nalo, hata kama utimilifu wake unachelewa au unakuja kwa namna tofauti na ile waliyoitazamia watu. Fundisho hilo lina mizizi katika Biblia ya Kiebrania, na katika Agano Jipya linahusishwa hasa na Yesu Kristo, anayesadikiwa kuwa ndiye utimilifu wa ahadi zote za awali.

Ahadi ndizo msingi wa tumaini la Wakristo: mwamini hategemei kwamba mambo yatakwenda vizuri tu, bali anamtegemea yule aliyesema. Kwa sababu hiyo fundisho hilo linagusa pia maswali magumu ya maisha: maombi yasiyojibiwa, kifo cha mapema, dhuluma, na madai ya wahubiri wanaotoa ahadi kwa jina la Mungu.

## Istilahi

Kiebrania cha Biblia hakina neno moja maalumu kwa maana ya "ahadi". Hutumia maneno ya kawaida kama *dabar* (neno) na vitenzi vyenye maana ya kusema na kuapa. Kwa msingi huo, kila Mungu anapotamka jambo la mbele, tamko lenyewe ni ahadi. Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kigiriki, hutumia neno *epangelia*, linalopatikana hasa katika nyaraka za Mtume Paulo, katika Waraka kwa Waebrania na katika maandiko ya Luka.

Neno la Kiswahili "ahadi" limetokana na Kiarabu, ambapo *ahd* humaanisha mapatano au agano. Maneno "imani", "kuamini", "uaminifu" na "amana" pia yana asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa Kiebrania *emuna* (uthabiti, uaminifu) na *amen*, lililoingia katika Kiswahili kama "amina". Hivyo lugha yenyewe inaunganisha pande mbili: yule anayeamini na yule aliye mwaminifu. Mtume Paulo alitumia uhusiano huo alipoandika kwamba ahadi zote za Mungu zimepata "Ndiyo" katika Kristo, na kwamba waumini huitikia "Amina" (2 Kor 1:20).

## Katika Agano la Kale

### Abrahamu

Mfano mkuu wa mtu aliyeishi kwa ahadi ni Abrahamu. Kadiri ya Kitabu cha Mwanzo, aliahidiwa mambo matatu: nchi, uzao mkubwa, na kwamba kwake mataifa yote yatabarikiwa (Mwa 12:1-3). Alipoondoka Harani alikuwa na umri wa miaka 75, na alipozaliwa Isaka alikuwa na miaka 100 (Mwa 12:4; 21:5). Katika kipindi hicho cha miaka 25 alijaribu kutafuta njia ya mkato kwa kuzaa na Hajiri, mjakazi wa mke wake Sara, akampata Ishmaeli. Kuhusu nchi, alipofiwa na Sara alilazimika kununua kwa shekeli 400 za fedha shamba lenye pango la Makpela, karibu na Hebroni, ili apate mahali pa kumzika (Mwa 23). Mtu aliyeahidiwa nchi nzima alimiliki kaburi.

Sura ya 15 inasimulia jinsi ahadi hiyo ilivyothibitishwa. Wanyama walipasuliwa vipande viwili na kupangwa pande zote mbili. Desturi hiyo inajulikana pia kutokana na Yer 34:18-20: waliofanya agano walipita katikati ya vipande, wakikubali kupatwa na yaliyowapata wanyama hao endapo wangevunja neno lao. Katika simulizi la Abrahamu, tanuru ya moshi na mwenge wa moto ndivyo vilivyopita, naye Abrahamu hakupita. Wafafanuzi wengi wanaona hapo ishara kwamba Mungu alijifunga peke yake.

### Daudi na uhamisho wa Babeli

Kwa njia ya nabii Nathani, mfalme Daudi aliahidiwa kwamba ukoo wake na ufalme wake vitadumu milele (2 Sam 7). Mwaka 587 au 586 KK jeshi la Babeli liliteka Yerusalemu, likachoma hekalu na kumaliza utawala wa ukoo huo. Tukio hilo ndilo lililoijaribu imani ya Israeli kuliko yote kuhusu uaminifu wa Mungu.

Zaburi 89 inaonyesha mgongano huo bila kuuficha. Sehemu yake ya kwanza inasifu ahadi aliyopewa Daudi. Kuanzia aya ya 38 inageuka kuwa malalamiko mazito, ikimshtaki Mungu kwamba amelikana agano lake na kumwuliza ziko wapi fadhili zake za zamani. Kwamba Wayahudi na Wakristo waliitunza zaburi hiyo kama sala ni ushahidi kwamba kulalamika mbele za Mungu hakukuhesabiwa kuwa kukosa imani: anayemdai Mungu neno lake bado analichukulia kwa uzito.

Katika miaka hiyohiyo nabii Yeremia alipingana na Hanania, aliyetangaza kwamba vyombo vya hekalu vingerudishwa ndani ya miaka miwili (Yer 28). Yeremia aliwaandikia wahamishwa kwamba muda utakuwa miaka 70. Kwa hiyo wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuuombea amani mji wa waliowateka (Yer 29:4-10). Maneno maarufu ya Yer 29:11, kuhusu mawazo ya amani ya Mungu kwa watu wake, yanatoka katika barua hiyo. Wengi wa waliosomewa barua kwa mara ya kwanza walikuwa watu wazima ambao, kwa hesabu hiyo, hawangeona kurudi. Ahadi ilihusu taifa na watoto wao.

Yeremia mwenyewe, akiwa amefungwa wakati mji umezingirwa, alinunua shamba la ndugu yake Hanameli huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha na kuamuru hati zitunzwe katika chombo cha udongo (Yer 32). Kibiashara ununuzi huo haukuwa na maana, kwani nchi ilikuwa inatwaliwa na adui. Ulikuwa tendo la hadharani la kuonyesha kwamba siku moja mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hiyo. Mwaka 538 KK Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliwaruhusu Wayahudi kurudi. Hata hivyo ufalme wa Daudi haukurudishwa, na kutokana na pengo hilo matarajio ya Masiya yalizidi kukua.

## Katika Agano Jipya

Injili zinamtambulisha Yesu kama mwana wa Daudi na wa Abrahamu (Math 1:1), na Matendo ya Mitume yanatangaza ufufuko wake kuwa utimilifu wa ahadi waliyopewa mababu (Mdo 13:32-33). Siku ya Pentekoste Mtume Petro alieleza kushuka kwa Roho Mtakatifu kwa kurejelea ahadi ya nabii Yoeli.

Katika Waraka kwa Waroma, sura ya 4, Paulo anamchukua Abrahamu kuwa baba wa wote wanaoamini. Anasema Abrahamu aliutazama mwili wake uliozeeka bila kujidanganya, lakini akaamini kwamba Mungu anaweza kutimiza alichoahidi. Katika sura za 9-11 anashughulikia swali linalomuumiza zaidi: ikiwa Waisraeli wengi hawakumkubali Yesu, je, neno la Mungu limeshindwa? Anakataa, na kufundisha kwamba Mungu hafuti karama na wito wake (Rom 11:29).

Waraka kwa Waebrania unasema Mungu aliongeza kiapo juu ya ahadi ili kuwatia moyo waumini, na unalinganisha tumaini lao na nanga ya roho (Ebr 6:13-20). Lakini sura ya 11 inakiri wazi kwamba mashujaa wa imani walikufa bila kupokea yaliyoahidiwa, wakiwa wameyaona kwa mbali tu.

Paulo anamwita Roho Mtakatifu "arabuni" ya mambo yajayo (2 Kor 1:22, Efe 1:14). Arabuni ni malipo ya kwanza yanayomfunga mnunuzi kumaliza deni lake. Neno la Kigiriki *arrabon* lilitoka katika lugha za Kisemiti, na Kiswahili kilipata neno hilohilo kwa njia ya Kiarabu. Maana yake ni kwamba mwamini ameanza kupokea, ingawa bado hajapokea yote.

## Sababu za kutegemea ahadi

Teolojia ya Kikristo hutoa sababu kuu nne za kuzitegemea ahadi za Mungu:

- Ukweli wake: Mungu hawezi kusema uongo (Hes 23:19, Tit 1:2).
- Uwezo wake: binadamu mwaminifu anaweza kushindwa kutimiza neno kwa ugonjwa, umaskini au kifo, Mungu hazuiwi na chochote kati ya hivyo.
- Kutobadilika kwake: uaminifu wake hautegemei uaminifu wa wale alioagana nao (2 Tim 2:13).
- Matendo yake ya awali: kutoka Misri na, kwa Wakristo, ufufuko wa Yesu ni matukio yanayokumbukwa katika ibada kama dhamana ya yajayo.

Sababu tatu za kwanza zinahusu jinsi Mungu alivyo, ilhali ya nne inahusu historia. Ndiyo sababu Paulo anakiri kwamba, kama Kristo hakufufuka, imani yote ni bure (1 Kor 15:14-19).

## Aina za ahadi

Wataalamu hutofautisha ahadi zisizo na masharti, kama ile ya kutoiangamiza tena dunia kwa gharika (Mwa 9:8-17), na zile zenye masharti, kama baraka za agano la Sinai zilizotegemea utiifu wa Waisraeli. Yer 18:7-10 inaeleza kwamba hata tangazo la maangamizi au la baraka linaweza kubadilika kadiri watu wanavyogeuka. Mfano unaojulikana zaidi ni Ninawi: Yona alitangaza kwamba mji utaangamizwa baada ya siku 40, lakini watu wakatubu nao mji ukaokoka.

Tofauti nyingine ni kati ya ahadi aliyopewa mtu fulani, kwa mfano Sara kuzaa katika uzee, na ile iliyotolewa kwa watu wote, kwa mfano msamaha kwa anayetubu. Tena, methali zinazoeleza jinsi maisha yanavyokwenda kwa kawaida si lazima zichukuliwe kama ahadi. Kitabu cha Ayubu kinapinga moja kwa moja hoja ya marafiki zake kwamba mwenye haki hapatwi na mabaya.

## Ahadi inapochelewa

Wakristo wa kwanza walitazamia kurudi kwa Yesu upesi, na kuchelewa kwake kulileta dhihaka. Waraka wa pili wa Petro unajibu kwamba kwa Bwana siku moja ni kama miaka 1,000, na kwamba kinachoonekana kuwa kuchelewa ni uvumilivu unaowapa watu nafasi ya kutubu (2 Pet 3:3-9).

Katika historia, mara kadhaa watu walishindwa kusubiri wakaweka tarehe. William Miller (1782–1849), mhubiri Mbaptisti wa Marekani, alihesabu kutokana na Kitabu cha Danieli kwamba Kristo angerudi karibu na mwaka 1843. Baadaye wafuasi wake walitaja tarehe 22 Oktoba 1844. Siku hiyo ilipita bila tukio, na ikaitwa "Masikitiko Makubwa". Baadhi yao waliacha imani, wengine walifasiri upya hesabu hizo, na kutoka kwao lilizaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato mwaka 1863.

Nchini Uganda, kundi lililojitenga na Kanisa Katoliki kwa jina la kurudisha Amri Kumi za Mungu lilitazamia mwisho wa dunia ufike mwaka 1999 unapomalizika. Haukufika. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi, wakiwemo watoto, walikufa kwa moto katika jengo lao la ibada huko Kanungu, na baadaye miili mingine mingi ilifukuliwa katika nyumba za kundi hilo.

## Mitazamo ya madhehebu

Katika Kanisa Katoliki, kutegemea ahadi kunafafanuliwa chini ya fadhila ya kimungu ya tumaini. Thoma wa Akwino (1225–1274) alifundisha kwamba tumaini linalenga jema lijalo, gumu kulipata lakini linalowezekana kwa msaada wa Mungu. Linakiukwa kwa kukata tamaa, na pia kwa kujiamini kupita kiasi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, uliagiza wote waweke tumaini imara katika msaada wa Mungu, lakini ukakataza mtu kujihakikishia bila ufunuo maalumu kwamba atadumu hadi mwisho.

Waorthodoksi hupenda kurejelea 2 Pet 1:4, ambapo ahadi zinahusishwa na kushiriki hali ya Kimungu. Kwao utimilifu wa ahadi ni kufanywa washiriki wa maisha ya Mungu mwenyewe, jambo linaloanza katika sakramenti na sala.

Martin Luther (1483–1546) aliifanya ahadi kuwa kiini cha teolojia yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu utekwa wa Kibabeli wa Kanisa, alifafanua sakramenti kuwa ahadi iliyoambatana na ishara, nayo imani kuwa mkono unaoipokea. Yohane Calvin (1509–1564) alieleza imani kuwa ujuzi thabiti wa wema wa Mungu, uliojengwa juu ya ahadi yake ya bure katika Kristo. Lakini alikiri kwamba uhakika wa waumini hushambuliwa na mashaka. Wafuasi wake, katika sinodi ya Dordrecht (1618–1619), walifundisha kwamba Mungu huwadumisha wateule wake hadi mwisho. John Wesley (1703–1791) na Wamethodisti walishikilia kwamba mwamini anaweza kuiacha neema.

Katika fasihi ya Waprotestanti picha hiyo ilienea sana. John Bunyan, katika *The Pilgrim's Progress* (1678), anasimulia jinsi msafiri aliyefungwa katika ngome ya Mashaka alivyokumbuka kwamba kifuani mwake alikuwa na ufunguo uitwao Ahadi.

## Matumizi mabaya

Biblia yenyewe inaonya kwamba ahadi inaweza kutajwa vibaya. Katika Math 4:5-7 Shetani anamnukulia Yesu Zaburi 91 ili ajitupe kutoka kinara cha hekalu, akidai malaika watamdaka. Yesu anakataa kwa kusema Mungu hapaswi kujaribiwa. Tofauti iliyopo ni kati ya kutegemea ahadi katika hatari iliyokuja yenyewe na kuitengeneza hatari ili kumlazimisha Mungu atende.

Katika karne ya 20 ilienea kutoka Marekani "injili ya mafanikio", inayofundisha kwamba afya na mali ni haki ya kila mwamini, naye huzipata kwa kukiri kwa kinywa na kwa "kupanda mbegu", yaani kutoa fedha. Mmoja wa waliochangia zaidi mafundisho hayo ni Kenneth Hagin (1917–2003). Wanateolojia wa Kiafrika wa Harakati ya Lausanne waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009, walikubali kwamba Mungu huponya na kubariki, lakini walikataa kupima hali ya kiroho kwa utajiri na kuufanya uwezo wa Mungu kuwa kitu kinachoendeshwa kwa mbinu za watu. Hoja kuu ya wapinzani wa mafundisho hayo ni ya kichungaji: mgonjwa asiyepona hubebeshwa pia lawama ya kukosa imani, na maskini hutoa hata kile kidogo alicho nacho.

## Katika mazingira ya Afrika

John Mbiti (1931–2019), padri Mwanglikana na mwanateolojia kutoka Kenya, alichunguza jinsi Wakamba walivyopokea mahubiri kuhusu mambo ya mwisho. Katika *African Religions and Philosophy* (1969) alitumia maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kueleza wazo kwamba katika fikra za jadi wakati ujao ulikuwa mfupi sana. Katika kitabu cha mwaka 1971 kuhusu Agano Jipya na mambo ya mwisho alidai kwamba ahadi za mbinguni, zilipohubiriwa bila kuunganishwa na Kristo aliyepo sasa, zilieleweka kama vitu vya kimwili vitakavyofika karibuni, na hivyo zikaleta masikitiko. Wanafalsafa wengine, kama Kwame Gyekye wa Ghana, walipinga maelezo yake kuhusu wakati. Hata hivyo kazi yake ilionyesha kwamba namna ya kuhubiri ahadi ina uzito sawa na ahadi yenyewe.

## Mifano ya maisha

George Müller (1805–1898), mzaliwa wa Prussia, alianzisha nyumba za yatima huko Bristol, Uingereza, mwaka 1836. Aliamua kutomwomba mtu yeyote fedha, bali kumweleza Mungu mahitaji kwa sala akitaja ahadi za Biblia. Hadi kifo chake yatima zaidi ya 10,000 walikuwa wamelelewa. Wachunguzi wengine huongeza kwamba taarifa alizochapisha ziliwajulisha wasomaji mahitaji hayo.

Yosefina Bakhita, aliyezaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869, alitekwa utotoni na kuuzwa mara kadhaa kama mtumwa. Alibatizwa Italia mwaka 1890, akawa mtawa. Papa Benedikto XVI alimtaja katika barua *Spe salvi* (2007) kama mfano wa mtu ambaye tumaini lilimfanya awe huru.

Dietrich Bonhoeffer (1906–1945), mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, akiwa gerezani mwaka 1944 alitofautisha matakwa ya binadamu, ambayo Mungu hayatimizi yote, na ahadi za Mungu, ambazo huzitimiza. Aliuawa tarehe 9 Aprili 1945 katika kambi ya Flossenbürg, wiki chache kabla ya vita kwisha barani Ulaya.

## Katika dini nyingine

Wayahudi wanaendelea kushikilia ahadi walizopewa mababu na matarajio ya Masiya ajaye. Tamko *Nostra aetate* la Mtaguso wa pili wa Vatikano (1965), likirejelea Waraka kwa Waroma, lilithibitisha kwamba Wayahudi bado ni wapenzi wa Mungu kwa ajili ya mababu wao, kwa kuwa Mungu hajutii karama zake. Katika Uislamu, Kurani nayo inafundisha kwamba Mungu havunji miadi yake. Katika jamii za Waswahili, Wakristo na Waislamu kwa pamoja husema "ahadi ni deni", methali inayomtaka binadamu naye atimize neno alilolitoa.